Kalavati na mafuta ya rufaa: shajara ya kamati yetu, Julai 2023 hadi Agosti 2024

Julai 2023, wiki ya pili

Kamati imekaa leo chini ya mwembe wa kanisa, watu tisa. Nimechaguliwa katibu kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka na simu yangu inaingia intaneti. Tumekubaliana kumbukumbu ziandikwe kwa Kiswahili. Soko letu liko magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, chini ya milima ya Rwenzori, na Mkonjo, Mtooro, Mbwisi na akina mama wa ng'ambo wote wanauziana hapo kwa Kiswahili. Hakuna atakayesema hakuelewa.

Jambo lililotukutanisha kila mtu hapa analijua. Mwezi Mei, katika mvua zilezile zilizokata barabara ya Kampala kwenda Masaka pale mto Katonga, binti wa jirani yangu alishikwa na uchungu usiku. Kituo chetu cha afya, cha daraja la tatu, hakina chumba cha upasuaji. Chumba kiko kituo cha daraja la nne, kilomita 23. Sista, muuguzi wa kituo chetu, alipiga simu kuomba ambulensi. Akajibiwa kwamba gari lipo, dereva yupo, mafuta hayapo, na familia ikaombwa kutuma shilingi 100,000 kwa simu. Kuzichanga kulichukua karibu saa mbili. Gari lilipofika, kijito kilikuwa kimejaa hadi kifuani mwa mtu mzima. Taa zake tuliziona ng'ambo, lakini halikuweza kuvuka. Wanaume wanane walishikana mikono ndani ya maji, machela juu ya mabega. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Tumeandika malengo mawili, basi. Kalavati, yaani mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara, kwenye kile kivuko. Na kifungu cha mafuta ya rufaa, ya ambulensi inayopeleka wagonjwa kituo cha juu, ndani ya bajeti ya wilaya, kilichoandikwa na kupitishwa. Ahadi za mdomo tunazo za kutosha tangu mwaka 2016. Mzee wa machela, ambaye amebeba wagonjwa tangu ujana wake, alisema kwake hayo mawili ni moja: gari lisilovuka ni kibanda chenye magurudumu.

Julai 2023, wiki ya nne

Nimekwenda gombolola, ofisi ya serikali iliyo chini ya wilaya, mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza mhasibu alikuwa wilayani, mara ya pili alikuwa mazishini, mara ya tatu nilimkuta, akanipokea vizuri sana. Namshukuru. Alinionyesha ubao wa matangazo pale ukutani, ambao miaka yote nilidhani ni wa kubandika majina ya walioitwa usaili. Kumbe fedha za kila robo mwaka zinatakiwa kubandikwa hapo.

Desturi hiyo ina historia ambayo vijana wetu wangepaswa kuijua. Mwaka 1996 serikali na Benki ya Dunia walifuatilia ruzuku za shule za msingi za miaka ya 1991 hadi 1995, wakakuta kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ya fedha zisizo za mishahara ndizo zilizofika shuleni. Baada ya hapo serikali ikaanza kutangaza magazetini na kwenye mbao kiasi kilichotumwa, ili mzazi aweze kwenda na kuuliza.

Mhasibu alichukua kalamu, akanifanyia hesabu ya ushuru wa soko letu. Naiandika kama alivyoisema. Kwa kila shilingi 100,000 zinazokusanywa gombolola, 35,000 zinapanda wilayani. Zinabaki 65,000. Katika hizo, robo, yaani 16,250, ni za vijiji, LC1. Parishi, iliyo kati ya kijiji na gombolola, inapata asilimia tano, 3,250, na saza, iliyo juu ya gombolola, vilevile 3,250. Gombolola inabaki na 42,250, na humo mna karatasi, posho za vikao, umeme na pikipiki ya mkuu wa gombolola.

Nilimwuliza kama kijiji chetu kimewahi kuchukua robo yake. Akafungua daftari la nyuma, akatafuta kwa kidole. Mara moja, miaka minne iliyopita. Ikanunuliwa viti vya plastiki vya mikutano. Viti vyenyewe nimevikalia.

Agosti 2023

Wilayani. Tulikwenda wanne, kwa nauli zetu.

Nilikuwa nikifikiri wilaya ni tajiri iliyonyamaza. Tulipotoka nilikuwa nimeelewa kwamba wilaya ni bomba. Zaidi ya tisini kwa mia ya fedha inazotumia zinatoka serikali kuu, na nyingi zimeshaandikwa kazi yake kabla hazijafika. Katiba ya 1995, ibara ya 193, inataja ruzuku za aina tatu: zisizo na masharti, zenye masharti na za usawazishaji. Zenye masharti ndizo zinazobeba uzito: mishahara ya walimu na wauguzi, fedha za afya ya msingi, barabara. Ile ruzuku ya maendeleo inayoitwa DDEG ina hiari kidogo, lakini kila gombolola inaitolea macho. Kodi ya kichwa, iliyowapa wilaya fedha za mkononi, ilifutwa mwaka 2005. Kodi ya Huduma za Mitaa iliyokuja 2008 inawagusa wenye mishahara na wenye biashara. Wakulima wa kujikimu wamesamehewa, na kwetu karibu kila mtu ni mkulima.

Kwa hiyo nimetoka na orodha ya mifuko na makatazo yake. Mfuko wa Barabara ni wa kutengeneza barabara zilizopo. Mwaka huu wa fedha kila wilaya imeongezewa shilingi bilioni moja kwa barabara, na barabara zenyewe zimekwisha kuchaguliwa. Fedha za afya ya msingi zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na humohumo mnatakiwa kutoka mafuta ya jenereta, sabuni, usafi, ziara za chanjo na mafuta ya ambulensi. Asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi za wanyama inarudi kwa jamii zinazopakana nazo. Parishi moja katika gombolola yetu inagusa Hifadhi ya Milima ya Rwenzori, lakini kivuko hakipo katika parishi hiyo.

Tuliuliza na habari za moto, maana mwaka jana duka la mafuta ya taa liliungua sokoni. Jibu likawa kwamba wilaya haina zimamoto yake. Zimamoto ni kurugenzi ya polisi, bajeti yake inatoka Kampala, na gari la karibu liko mji mkuu wa mkoa. Kwetu moto unazimwa kwa ndoo na mchanga, na kwa vijana kubomoa ukuta wa jirani ili usivuke.

Na maafa? Iko kamati ya maafa ya wilaya chini ya CAO, mtendaji mkuu wa wilaya, kwa mujibu wa sera ya taifa ya mwaka 2010. Inakutana, inaandika ripoti, inaipeleka Ofisi ya Waziri Mkuu, kisha inangoja unga, maharage, mablanketi na maturubai. Fedha zake yenyewe za kuita greda leo jioni haina. Mimi nilikuwa sijawahi kusoma ibara ya 249 ya Katiba, inayosema kutakuwa na Tume ya Maandalizi na Usimamizi wa Maafa. Imeandikwa tangu 1995 na tume haijaundwa. Katikati hapo Bududa imefukiwa na maporomoko Machi 2010, Juni 2012 na Oktoba 2018. Mto Nyamwamba umeipiga Kasese mwaka 2013, na Mei 2020 ukaichukua hospitali ya Kilembe. Bundibugyo iliporomokewa na udongo Desemba 2019. Mbale ilizama Julai 2022. Serikali kuu ina Mfuko wa Dharura, ambao sheria ya fedha za umma ya 2015 inautaka ujazwe kila mwaka kwa asilimia 0.5 ya bajeti ya mwaka uliotangulia. Kutoka huo hadi kwenye kijito chetu ni mbali mno. Wanaokufa mmojammoja kivukoni hawahesabiwi kuwa maafa, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote niliyoyasikia siku ile.

Afisa mipango, kijana mpole, alitwambia neno ambalo nimelipigia mstari: mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, lakini mlango wa kuingilia ni Oktoba na Novemba mwaka uliotangulia, kwenye mikutano ya bajeti. Tumechelewa kwa mwaka 2023/24. Tuna nafasi kwa 2024/25 tukianza sasa.

Septemba 2023

Mkutano wa kijiji. Watu wengi, kelele nyingi. Swali lililorudi mara tano: kwa nini tusichukue zile milioni 100 za parishi? Nilieleza kwamba fedha za mpango wa parishi uliozinduliwa Kibuku Februari 2022 ni za mkopo kwa kaya kupitia SACCO, za kufugia na kulimia, na haziwezi kununua bomba la zege. Wengine hawakuridhika. Mama mmoja aliyekopa humo kwa ajili ya kuku alinisaidia kueleza kuliko nilivyoeleza mimi.

Kulitokea na mvutano wa kweli. Mzee wa machela alitaka tufanye kama Kigezi, ambako vikundi vya engozi vimebeba wagonjwa vizazi kwa vizazi, kila kaya ikichangia, na anayekataa kubeba anajua siku yake itafika. Alisema tuchange 1,000 kwa mwezi, tuwe na mafuta yetu, tuachane na wilaya. Nampenda mzee huyu na nilimpinga. Tukichanga tu, wilaya itaandika kwamba gombolola yetu haina shida. Tumekubaliana hivi: mfuko wa kijiji uwepo kwa usiku ambao gari limekwama, na kifungu cha wilaya kiendelee kudaiwa. Viti vya plastiki vimetajwa kwa heshima. Robo ya LC1 safari hii itaingia kwenye mfuko huo.

Oktoba na Novemba 2023

Mvua zimekuja na hasira. Redio inasema El Niño.

Tumeanza kuhesabu. Hili nilitamani tungelianza miaka kumi iliyopita. Dereva wa boda anayeishi kando ya kijito amesimamisha mti wa mkaratusi majini, urefu wa mita mbili na nusu, na kugongomelea misumari kila sentimita kumi. Kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla hajawasha pikipiki, anasoma msumari ambao maji yameufikia na kunitumia ujumbe wenye namba tupu. 4. 4. 6. 11. 9. 14. Msumari wa 6 pikipiki inazima. Msumari wa 8 gari la kawaida halipiti. Msumari wa 12 mtu hapiti.

Sista naye ana daftari la rufaa: saa ya kupiga simu, saa ya gari kuondoka, saa ya kufika, sababu ya kuchelewa. Ananiambia kwamba chuoni walifundishwa kuchelewa kwa aina tatu: nyumbani katika kuamua, njiani katika kufika, na kituoni katika kuhudumiwa. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 umeonyesha vifo vya wazazi vimeshuka kutoka 336 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2016 hadi 189. Sista aliniambia hayo kwa fahari, na ana haki nayo, kazi hiyo ni yao. Halafu akageuza ukurasa wa daftari na kunionyesha safu ya sababu. Mafuta. Kijito. Mafuta. Mafuta na kijito. Gari liko gereji. Kijito.

Mkutano wa bajeti wa gombolola, katikati ya Novemba. Tulipewa dakika tano. Sikuhutubia. Nilimwomba kijana wa boda ashike karatasi ndefu tuliyochora maji ya kila siku, na sista asome rufaa za siku zilezile. Siku zenye namba kubwa na siku za kuchelewa zilikutana mbele ya macho ya watu. Mheshimiwa diwani wa LC5, baraza la wilaya, alisimama akaomba nakala. Kivuko kimeingia kwenye mpango wa gombolola, namba tatu. Mafuta ya rufaa yamepelekwa juu kama ombi kwa wilaya.

Desemba 2023

Barabara imekatika siku tisa. Kahawa imelala magunia na magunia upande wa pili, na wanunuzi wamegeuza.

Mhasibu wa gombolola alinionyesha stakabadhi za ushuru wa wiki hizo mbili, kijitabu chembamba kuliko kawaida. Lori lisipovuka, soko halijai. Soko lisipojaa, ushuru haupo. Na ushuru ndio fedha pekee ambayo gombolola ingeweza kuitumia palepale kumwaga mawe. Nilikuwa sijaliona hivyo kabla: mvua inayoleta dharura ndiyo inayokausha mkono wa kuitibu. Nimeiandika barua kwa CAO kwa maneno hayo na kuambatisha nakala za stakabadhi.

Krismasi njema kwa wote. Wagonjwa wawili wamebebwa kwa machela siku hizo tisa, wote wamepona.

Februari na Machi 2024

Mhandisi wa wilaya amekuja, amevaa buti za mpira, ameingia majini mwenyewe. Heshima kwake. Amepima upana, akaangalia alama za mafuriko kwenye magome ya miti, akauliza msumari wa juu kabisa uliofikiwa. Kijana wa boda akajibu bila kuangalia daftari: 17, tarehe fulani Novemba. Mhandisi akasema mstari mmoja wa mabomba utasombwa. Inahitajika mistari miwili ya mabomba ya zege ya sentimita 90, saba kila mstari, na kuta za mawe pande zote ili maji yasichimbe kwa nyuma.

Halafu likaja lile lililotuchukua wiki sita. Barabara ni ya nani?

Kutoka mjini hadi kwenye mti mkubwa wa mtini ni barabara ya wilaya. Kutoka mtini kuja kwetu ni barabara ya jamii, na hiyo ni mzigo wa gombolola. Kijito kiko hatua themanini baada ya mtini, nimezihesabu. Fedha za barabara za jamii zinazokuja gombolola kwa mwaka zinatosha kufyeka na kufukia mashimo, hazitoshi mabomba kumi na nne na mitambo. Wilaya ina greda ya Kijapani, moja ya mitambo ambayo serikali iligawa kuanzia 2017, lakini mafuta ya greda yanatolewa kwa barabara za wilaya. Kila ofisi ilinieleza kwa upole kwa nini nyingine ndiyo inayohusika, na kila ofisi kwa karatasi zake ilikuwa na haki. Nilirudi nyumbani jioni moja nikalia, nasema kweli. Hatua themanini.

Aliyelifungua fundo ni mkuu wa gombolola. Alipendekeza gombolola inunue mabomba na saruji kutoka fedha zake za barabara za mwaka huu na sehemu ya DDEG, na wilaya ilete greda, lori na mafundi, ikihesabu kazi hiyo kama mwisho wa barabara yake inayoishia mtini. Mhandisi akakubali kwa maandishi. Wananchi tutoe mawe na mchanga. Mawe hapa hayanunuliwi. Rwenzori inatuletea kila msimu.

Aprili 2024

Rasimu ya bajeti ya wilaya imewekwa mezani. Tumeisoma ukurasa kwa ukurasa. Mafuta ya rufaa hayamo.

Tumekwenda kwa Mheshimiwa diwani, nyumbani kwake, Jumapili baada ya misa. Hakutuficha. Alisema ruzuku zenye masharti hawawezi kuzigusa, kwa hiyo mafuta yangetoka mapato ya ndani, na mapato ya ndani kila mtu ana mipango nayo, ikiwemo posho za madiwani. Sheria ya Serikali za Mitaa inazuia posho hizo kuzidi asilimia 20 ya mapato ya ndani ya mwaka uliotangulia. Sikuja kumnyima mtu posho. Diwani anayetoka milimani kwa boda anahitaji nauli. Nilimwomba tuangalie zilizobaki.

Tulikaa hadi jioni na kikokotoo cha simu. Kodi ya Huduma za Mitaa: mwenye mshahara unaozidi milioni moja kwa mwezi analipa 100,000 kwa mwaka, anayepata kati ya laki moja na laki mbili analipa 5,000, na inakatwa miezi minne ya kwanza ya mwaka wa fedha. Yaani fedha hiyo inaingia kati ya Julai na Oktoba, kabla mvua kubwa hazijakolea. Hilo ndilo tulilomwomba abebe: sehemu ya kodi hiyo iandikwe mafuta ya rufaa, itolewe robo ya kwanza na ya pili, wakati iko kwenye akaunti. Safari moja ya ambulensi kwenda na kurudi inakula lita kama kumi za dizeli, na lita ni karibu 5,000. Nusu ya kile jirani yangu alichotuma usiku ule.

Mke wa Mheshimiwa alituletea chai mara tatu. Mara ya tatu alisimama mlangoni akasema yeye mwenyewe alizaa mtoto wake wa pili kwenye machela. Mheshimiwa alikaa kimya kidogo, kisha akaandika.

31 Mei 2024

Baraza limepitisha bajeti saa moja usiku, siku ya mwisho kisheria. Tulikuwa kwenye benchi la wananchi tangu saa nne asubuhi.

Kifungu kimeingia. Tuliomba kitoshe vituo vyote vya daraja la nne wilayani mwaka mzima; kimekatwa nusu. Kuna diwani aliyesema watu wa gombolola yetu wanapenda kulalamika. Kuna mwingine, wa gombolola ya mbali ambaye hatukuwahi kumwona, alisimama kutuunga mkono na kutaja kijito chake kwa jina. Baadaye nje alitwambia aliona picha za mti wa misumari na vijana wake sasa wana wao.

Nimepiga picha ya ukurasa. Neno ni "mafuta ya rufaa", na mbele yake kuna namba.

Juni 2024

Mwezi wa kukimbia. Fedha ya gombolola ya mabomba ni ya mwaka 2023/24, na chochote kisichotumika ifikapo 30 Juni kinarudi Mfuko Mkuu wa Hazina. Zabuni ilitangazwa kwa kuchelewa, mfanyabiashara wa kwanza akajiondoa, wa pili akaomba muda. Tarehe 20 hatukuwa na bomba hata moja. Mhasibu alikuwa hali chakula cha mchana.

Lori la kwanza lilifika tarehe 25, la pili 26. Fundi wa wilaya alitembea kati ya mabomba na nyundo ndogo, akigonga kila moja mara tatu na kutega sikio. Zege zima hulia kama kengele ya shule. Lenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Watoto walikuwa wakimfuata na kutabiri. La tisa lilikuwa bovu, na la kumi na tatu. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele, mimi nisingeuona. Muuzaji alibisha kwamba litazikwa ardhini, nani ataliona. Fundi akamwambia maji yataliona. Muuzaji alibadilisha yote mawili tarehe 28, na malipo yakapita tarehe 29 alasiri.

Nimejifunza kumheshimu mtu yeyote anayefanya kazi ya serikali za mitaa mwezi Juni.

Julai 2024

Ukame mfupi, maji msumari wa 2. Greda imekuja siku nne. Mzee wa machela ndiye aliyesimamia mawe. Wenye nguvu walibeba, yeye alipanga na kukataa yaliyo laini. Wanawake walipika maharage na muhogo kwa zamu. Kuta zimejengwa, udongo umeshindiliwa. Wilaya inataka tungoje siku kumi na nne kabla ya malori. Tumeweka magogo na mlinzi wa usiku, kijana yuleyule wa boda.

Jambo moja halikwenda sawa: kifusi kutoka kalavati hadi mtini hakikutosha, na zile hatua themanini bado zina tope. Imeandikwa kwa mpango ujao.

Agosti 2024

Fedha za robo ya kwanza zimefika kituo cha daraja la nne wiki ya pili ya mwezi. Nimeziona kwenye ubao wao: kifungu, kiasi, tarehe, sahihi. Kwenye ubao wa gombolola hazikuwepo. Nimeomba zibandikwe, mhasibu amebandika nikiwa nimesimama hapo.

Usiku wa kuamkia Alhamisi mvua ya kwanza ya msimu imenyesha. Naandika kutoka kwenye daftari la sista kama lilivyo. Simu: saa saba na dakika kumi usiku. Gari limeondoka: saa saba na dakika ishirini na tano. Limefika kituoni kwetu: saa nane na dakika tano. Mafuta: lita 10, kifungu cha wilaya. Familia imelipa: safu imeachwa wazi, halafu sista akaona iko wazi, akaandika sifuri.

Ujumbe wa asubuhi kutoka kivukoni: 9.

Mama na mtoto wa kike wamerudi nyumbani Jumamosi. Mikutano ya bajeti ya 2025/26 inaanza Oktoba, na tuna hatua themanini za kifusi na nusu ya kifungu ya kudai. Mzee wa machela ameniuliza kama machela sasa ihifadhiwe kanisani. Nimemwomba aiache palepale ilipo, ukutani kwake, hadi tuone mvua za Novemba.